Bazaa Iliyotangulia Chuo: Historia ya Biashara Street na Majirani Zake, Nairobi

Kati ya bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta Avenue pana eneo dogo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Upande wa kaskazini iko Bustani ya Jeevanjee. Upande wa kusini uko Msikiti wa Jamia na, jirani yake, Maktaba ya McMillan. Magharibi, kando ya Muindi Mbingu Street, liko City Market. Na katikati imepita Biashara Street, barabara nyembamba ya maduka ya vitambaa inayotokea Moi Avenue. Kwa kuwa wanafunzi hulikatiza eneo hili kila siku wakienda mjini na kurudi, ni rahisi kudhani kwamba maduka yake, mashine zake za kunakili na vibanda vyake vya vitabu vilikuja kukifuata chuo. Mambo yalikwenda kinyume. Bazaa ilikuwapo zaidi ya nusu karne kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia darasani, na sehemu ya fedha zilizojenga chuo hicho ilitoka katika mifuko ya wenye maduka.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Mahali penyewe palikuwa pa majimaji, karibu na mto ambao Wamaasai walinyweshea mifugo yao, na wahandisi walipachagua kwa sababu palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya njia kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Makao makuu ya reli yakahamishiwa hapo, na pamoja nayo yakaja mahema, karakana, vibarua, makarani na watu wa kuwauzia hao wote unga, mchele, sukari na nguo.

Wauzaji hao wengi walikuwa Wahindi, na hapa pana kosa linalorudiwa mno. Husemwa kwamba wenye maduka wa Nairobi ni wajukuu wa makuli waliolaza mataruma ya reli. Ni kweli kwamba vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, hasa kutoka Punjab. Ni kweli pia kwamba wapatao 2,500 walikufa kazini, na kwamba karibu 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Lakini biashara ya bazaa ilishikwa zaidi na watu waliokuja kwa nauli zao wenyewe kutoka Gujarat na Kutch, kwa majahazi na meli, wakipitia Unguja na Mombasa ambako jamaa zao walikuwa na maduka miaka mingi kabla ya reli kufikiriwa. Walikuwa Mabohora, Maismailia, Wapatel, na Waoshwal kutoka vijiji vya Jamnagar. Mwenye duka mmoja alimwita mpwa, mpwa akamwita shemeji, na kila aliyefika alifanya kazi dukani kwa mwenyeji wake mpaka apate mkopo wa bidhaa za kufungulia duka lake. Hivyo ndivyo barabara nzima ilivyojaa bila benki kutoa hata rupia moja.

Bazaa ya kwanza ilikuwa ya mbao na mabati. Vyumba vilibanana, maji machafu hayakuwa na pa kwenda, na nafaka ilirundikwa mahali pale pale watu walipolala. Tauni ilipozuka mwaka 1902, daktari wa serikali aliamuru bazaa ichomwe moto, na ikateketea. Ilijengwa upya, lakini tauni ilirudi zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata, na kila iliporudi lawama iliangukia wakazi wa bazaa, si baraza la mji lililochukua kodi zao bila kuwachimbia mitaro. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa kutoka Uingereza, alipendekeza katika ripoti yake kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe katika makazi na katika biashara. Panya wa tauni akageuzwa hoja ya siasa. Waraka wa Devonshire wa 1923 uliondoa utengano wa kisheria wa Wahindi na Wazungu mijini, huku ukiwahifadhia Wazungu nyanda za juu. Lakini kufikia hapo ramani ya Nairobi ilikwisha kuchorwa, na mikataba ya ploti ikaendelea kufanya kazi ambayo sheria iliiacha.

Aliyesimama mbele ya bazaa katika miaka hiyo alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856. Alifika Mombasa mwaka 1890, akatajirika kwa kuileta reli vibarua na vyakula, na mwanzoni mwa karne ya ishirini akaanzisha gazeti la African Standard ambalo baada ya kuuzwa lilikuja kuwa East African Standard. Nairobi ilipokuwa bado ya mahema alijenga nyumba za mawe, akaupa mji soko lake la kwanza la maana, na mwaka 1906 akatoa ekari tano za ardhi ziwe bustani ya wakazi wote. Sanamu ya Malkia Victoria aliyoiweka humo ilizinduliwa mwaka huo na mwana wa malkia mwenyewe, Duke wa Connaught. Wengi husoma sanamu hiyo kama unyenyekevu wa tajiri wa koloni. Huenda ilikuwa hivyo, lakini ilikuwa pia dai: Jeevanjee alishikilia kwamba Wahindi ni raia wa dola moja na Wazungu, na kwamba malkia ni wao wote. Mwaka 1910 alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa East African Indian National Congress. Alifariki mwaka 1936 akiwa amepoteza sehemu kubwa ya mali yake. Bustani ilibaki.

Mtaa uliokuwa kusini mwa bustani uliitwa Indian Bazaar, kisha Bazaar Street. Nyumba zake, zilipoacha kuwa za mabati, zilifuata ramani moja inayoonekana kuanzia Zanzibar hadi Kisumu. Chini palikuwa na duka lililofunguka kwa upana wote wa ploti, milango yake ya mbao ikikunjwa asubuhi na kufungwa kwa makomeo usiku. Juu aliishi mwenye duka na familia yake, na roshani ikitazama barabara. Nyuma palikuwa na ua, ghala, jiko na vyumba vya watumishi. Kuta zilikuwa za jiwe la kijivu la Nairobi, laini la kuchonga, na paa la bati au vigae vya Mangalore vilivyokuja kama shehena kutoka India. Juu ya uso wa jengo mwenyewe aliandika jina la ukoo na mwaka wa kujenga. Mtu akiinua macho juu ya mabango ya plastiki ya siku hizi atayaona baadhi ya maandishi hayo mpaka leo, na ni hasara kwamba wapitao wengi huangalia vioo vya maduka tu.

Biashara yenyewe ilienda kwa rupia ya India mpaka mwaka 1920, ilipowekwa florini, na punde baadaye shilingi ya Afrika Mashariki. Badiliko hilo liliwachanganya wateja na kuwatia hasara wengi, hasa Waafrika waliokuwa wameweka sarafu majumbani. Bidhaa zilikuwa marekani, kaniki, leso, blanketi, shanga, chumvi, viberiti, taa za mafuta na masufuria. Bazaa ndiyo iliyowauzia kwa jumla wenye maduka madogo wa Murang'a, Machakos na Nyeri, nao walilipa baada ya mavuno. Duka la kijijini lilikuwa tawi la imani ya mtu wa Bazaar Street: daftari lilishika deni, na jina la ukoo lilishika dhamana. Kwenye baraza ya duka alikaa fundi na cherehani yake ya kukanyaga. Mteja alinunua kitambaa ndani, akapimwa nje, akarudi jioni kuchukua suruali. Mafundi wa mwanzo walikuwa Wahindi. Baadaye vijana wa Kiafrika waliojifunza kwao kwa kutazama na kusaidia ndio walioishika kazi hiyo.

Mpangilio wa eneo ulikuwa na sura yake chungu. Mwafrika aliingia bazaa kama mnunuzi, hamali, mpishi au mwanafunzi wa cherehani, na kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni. Kuwa mwenye duka katikati ya mji lilikuwa jambo gumu mno kwake, kwa kukosa leseni, ploti na mkopo. Mhindi naye alizuiwa kulima nyanda za juu na kukaa vitongoji vya Wazungu. Na Mzungu alinunua vitambaa bazaa kwa sababu ni rahisi, kisha akaenda kunywa chai upande wa pili wa Delamere Avenue, ambayo leo ni Kenyatta Avenue.

Majengo matatu makubwa yaliyosimama ndani ya miaka mitatu yalionyesha mgawanyiko huo kwa mawe. La kwanza ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Sir William Northrup McMillan, Mmarekani wa kuzaliwa aliyemiliki shamba kubwa la Juja na kufariki mwaka 1925. Ina nguzo ndefu za mtindo wa Kiyunani na simba wawili wa mawe mbele ya ngazi. Iliitwa maktaba ya umma, lakini umma huo ulikuwa Wazungu peke yao mpaka mwaka 1958. Kwa zaidi ya robo karne Mhindi aliyekuwa na duka hatua mia moja kutoka ngazi zile, na Mwafrika aliyezifagia, hawakuruhusiwa kuketi ndani na kitabu.

La pili, City Market, lilijengwa kati ya 1930 na 1932 kuchukua nafasi ya soko la Jeevanjee. Ni ukumbi mrefu wenye dari la juu, umbo lake likikumbusha banda la ndege, na madirisha yaliyopangwa juu kwa juu ili mwanga uingie na joto litoke bila jua kuchoma mboga. Kazi hiyo ya mwanga ilifikiriwa vizuri: hata leo, mchana wa jua kali, ndani kuna ubaridi na meza za chini huonekana bila taa. Mboga, matunda na maua vilikuwa ukumbini, nyama na samaki katika mabanda ya nje. Polepole vinyago, vikapu vya kiondo na vitu vya mawe ya sabuni vya Kisii vilichukua meza za mboga, kwa kuwa mtalii alilipa zaidi kuliko mpishi. Wauza nyama na samaki wamebaki, pamoja na majiko ya kuchomea yanayowavuta watu wa maofisini saa za mchana, na wauza maua wamebaki barabarani.

La tatu ni Msikiti wa Jamia. Ardhi yake ilipatikana mwaka 1902 kwa juhudi za Sayyid Maulana Abdullah Shah, lakini jengo linaloonekana sasa lilianza kujengwa mwaka 1925 na kukamilika mwaka 1933. Kuba zake tatu za rangi ya fedha na minara yake miwili ni za ufundi wa Kihindi, wa Punjab zaidi kuliko wa pwani ya Waswahili. Mswahili wa Lamu aliyeingia mjini aliikuta ibada yake katika nyumba ya umbo asilolizoea. Kati ya majengo hayo matatu, ni hili pekee ambalo tangu mwanzo liliwaweka Mhindi, Msomali, Mswahili na Mnubi katika safu moja. Ijumaa maduka mengi ya jirani hufunga milango nusu, na barabara za pembeni hujaa watu waliokosa nafasi ndani.

Baada ya Gandhi kuuawa mwezi Januari 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walianza kuchanga fedha za kujenga chuo cha ukumbusho wake. Michango ilitoka mijini na vijijini, na Nairobi ilikuwa kitovu chake. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa chuo cha ufundi, Royal Technical College, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1951. Ilionekana ni upuuzi kujenga vyuo viwili katika mji mmoja, na mwaka 1954 Gandhi Memorial Academy Society ikakubali kuunganisha fedha zake na chuo hicho, kwa sharti kwamba milango iwe wazi kwa watu wa rangi zote. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956, na mwaka huohuo Sarvepalli Radhakrishnan, makamu wa rais wa India, alizindua sanamu ya Gandhi iliyosimama bewani mpaka sasa. Chuo kilikuwa Royal College mwaka 1961, University College mwaka 1964, na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Ikumbukwe kwamba wakati mwanafunzi Mwafrika aliposoma bewani bila kizuizi mwaka 1956, hatua chache kutoka hapo Maktaba ya McMillan bado ilikuwa imemfungia mlango.

Uhuru ulibadilisha kwanza majina. Bazaar Street ikawa Biashara Street. Stewart Street ikapewa jina la Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba ambaye mwaka 1938 aliongoza maelfu ya watu wake kuja Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu. Walipiga kambi mjini wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ikaacha kuuza ng'ombe kwa lazima. Sadler Street ikawa Koinange Street, na baadaye Government Road ikawa Moi Avenue.

Badiliko la wenye maduka lilikuja mwaka 1967, kwa sheria ya leseni za biashara na sheria ya uhamiaji. Wahindi waliokuwa hawajachukua uraia wa Kenya walibanwa mahali pa kufanyia biashara na aina ya bidhaa, wengine wakapewa notisi za kufunga. Maelfu waliondoka kwenda Uingereza kabla Bunge la huko halijafunga mlango mwezi Machi 1968. Baadhi ya maduka yalinunuliwa na Waafrika kwa mikopo ya serikali. Waliokuwa na uraia walibaki, na katika Biashara Street koo kadhaa zimekuwa nyuma ya kaunta ileile kwa vizazi vitatu au vinne. Kuwaita wageni watu wa namna hiyo ni kutojua historia ya barabara wanayokaa.

Pigo la mwaka 1982 lilikuwa la siku moja. Agosti 1, askari wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali, maduka ya katikati ya mji yalivunjwa na kuporwa, na ya Wahindi yaliporwa zaidi. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wametoka barabarani kushangilia. Mapinduzi yalishindwa, chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka, na barabara ikakosa wateja wake wa jirani wakati ilipowahitaji zaidi. Milango ya vyuma na nyavu za chuma kwenye madirisha vilienea mtaani baada ya hapo.

Mwaka 1991 zamu ya Bustani ya Jeevanjee ilifika. Ulitolewa mpango wa kuichimba na kuijenga maegesho ya magari na jengo la maduka la ghorofa nyingi. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani uliowaunganisha jamaa, wanamazingira na wananchi wa kawaida, miaka miwili tu baada ya Wangari Maathai kusimama dhidi ya ghorofa 60 zilizopangwa kujengwa Uhuru Park. Mpango ulikufa. Lau ungepita, Nairobi ingepoteza mahali ambapo mtu asiye na shilingi anaweza kuketi katikati ya mji bila kuulizwa anataka nini. Wahubiri huhubiri humo saa za mchana, wapiga picha waliwahi kujipatia riziki humo kabla ya simu za kamera, na kundi la mijadala liitwalo Bunge la Mwananchi hukutana chini ya miti yake kuijadili serikali kwa sauti kubwa. Sanamu ya Malkia Victoria iliangushwa na kukatwa kichwa mwaka 2015.

Tangu miaka ya 1990, nguo za mitumba kutoka Gikomba na bidhaa za Dubai na China zilizopitia Eastleigh zimeipokonya Biashara Street nafasi ya kuuza nguo rahisi. Barabara ilijiokoa kwa kushikilia yale ambayo mitumba haiwezi: leso kwa jozi, vikoi, vitenge kwa mita, sare za shule, vyandarua, shuka, nguo za watoto wachanga, vifungo, nyuzi na lesi za mafundi. Mwenye harusi, mwenye mtoto mchanga na mwenye mtoto wa kidato cha kwanza bado hawana budi kupita hapo. Ghorofa za juu, walimoishi wenye maduka, sasa ni vyumba vya mafundi cherehani, ofisi ndogo na maghala, kwani familia zilihamia Parklands na Ngara miongo mingi iliyopita. Kuelekea chuoni ndiko biashara za wanafunzi zilikoota: kunakili, kuchapa na kujalidi tasnifu, na vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini, ambavyo maduka yake watu wa Nairobi huyaita «inama bookshop».

Maktaba ya McMillan, ambayo ina matawi Kaloleni na Makadara, ilichukuliwa na baraza la jiji mwaka 1962. Kwa miaka mingi haikupata matunzo: paa lilivuja, vitabu vikazeeka, na magazeti ya tangu mwanzo wa karne yakarundikana chini ya vumbi. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, ambalo kwa makubaliano na serikali ya kaunti limekuwa likikarabati maktaba hizo na kuhifadhi nyaraka zake kidijitali. Jengo la McMillan lina sheria ya Bunge iliyotungwa mahsusi kulilinda, na ni jengo pekee nchini lenye ulinzi wa namna hiyo. Nyumba za bazaa hazina sheria kama hiyo. Ploti zake ni miongoni mwa zenye thamani kubwa jijini, na nyumba ya ghorofa moja yenye jina la ukoo kwenye uso wake ikibomolewa, lililo mahali pake huwa jengo la vioo lenye vibanda vya mita chache chache vya kukodishwa.